Khalati, uwatu na vidonge: dawa za miti zinafanya nini kweli kwenye sukari na unene

Khalati yangu anakaa Wete, Pemba. Kila usiku kabla hajalala anachukua kijiko cha uwatu, anautia kwenye gilasi ya maji, anafunika na kisahani, asubuhi akiamka maji yale yashakuwa mazito yanavutika kama utelezi wa bamia na mbegu zimefura. Anakunywa yote na mbegu anazitafuna. Uchungu wake mimi siuwezi. Hii ni ada yake tokea alipoambiwa ana sukari, na mimi sina ugomvi nayo hata kidogo, tena nitaeleza mbele kwanini ule utelezi ndo sehemu yenye maana kuliko zote.

Ugomvi wangu ulikuwa na chupa. Mwaka juzi mtu mmoja alimuuzia chupa ya dawa ya miti, maji meusi, haina hata kikaratasi cha kusema ndani mna nini, akaambiwa inatibu sukari, presha na kitambi kwa pamoja ila sharti aache vidonge vya hospitali kwa sababu vile ni kemikali, vinaunguza figo. Akaacha. Metformini, kidonge chake cha sukari, akaisukumia nyuma ya kabati la vyombo, wiki ya tatu tunapigiwa simu hajiwezi, anakunywa maji hayamtoshi, chooni kila saa, macho yanaona ukungu, kupimwa sukari 21. Alhamdulillahi alinyanyuka. Lakini tokea siku ile kila nikipata nafasi nasoma juu ya jambo hili maana liliniuma, na kitu cha kwanza nilichokikuta ndo kilichonifanya niandike leo: kile kidonge alichokiacha kwa sababu ni kemikali, asili yake ni jani.

Lakini tuanze na ugonjwa wenyewe kwanza, maana wengi tunadhani sukari ni habari ya kula vitamu tu basi.

Ukila wali, muhogo, mkate wa ajemi, chai yenye vijiko vitatu, vyote hivyo tumboni vinavunjwa vinakuwa glukosi inaingia kwenye damu. Fikiria bandari ya Malindi jahazi limefika, mizigo imejaa gatini, mahamali wapo na maghala yapo, anayepiga kelele "haya bebeni" ni mnyapara, na mnyapara wa mwili ni homoni inayoitwa insulini. Mtu akinenepa sana, hasa mafuta yakijaa tumboni ndani na kwenye ini, seli zinaanza kutomsikia mnyapara. Kongosho inaona mizigo haiondoki inaleta wanyapara zaidi na zaidi, miaka inapita, mwisho kongosho yenyewe inachoka, na mizigo inabaki gatini, yaani sukari inabaki kwenye damu. Ini nalo badala ya kusaidia linaendelea kutengeneza glukosi yake usiku kucha, ndo maana mtu anaweza kulala na njaa akaamka na sukari 11 anashangaa kala nini. Na huku pembeni presha inapanda, mafuta ya damu yanapanda, ini linajaa mafuta. Havitembei peke yake hivi vitu, vinakuja kama kundi, ndo maana madaktari wanavitaja pamoja.

Kwa hiyo unaona, dawa inaweza kuingilia sehemu nyingi. Unaweza kuchelewesha mizigo isishuke kwa pupa. Unaweza kulinyamazisha ini. Unaweza kuitoa sukari kwa njia ya mkojo. Unaweza kupunguza hamu ya kula. Miti imeleta kitu karibu kwenye kila moja ya sehemu hizi, ila namna ilivyokileta ndo hadithi.

Kwanini mti ukawa na dawa ndani yake? Swali hili nilikuwa sijajiuliza hata siku moja na mimi nimekulia kwenye mikarafuu. Mti hauna miguu. Akija mdudu kuutafuna hauwezi kukimbia, kwa hiyo unajilinda kwa kemikali, nyengine chungu, nyengine kali, nyengine sumu kabisa. Ile harufu ya karafuu ambayo msimu ukifika Pemba nzima inanuka kuanzia majamvini mpaka mjini, ile harufu isiyotoka vidoleni hata ukoshe mara ngapi baada ya kutwa nzima ya kuchambua makonyo, ni yujenoli, na kwa mkarafuu ile ni silaha ya kufukuza wadudu. Kwetu sisi ndo inayotia ganzi ufizi ukiweka karafuu kwenye jino bovu, na ndo mafuta yanayokamuliwa pale kiwanda cha makonyo Wawi. Silaha iliyotengenezwa kugusa mwili wa mdudu inaweza kugusa na mwili wako, maana mashine za ndani ya seli zetu na za viumbe wengine zinafanana sana. Inaweza kukugusa kwa kheri au kwa shari, na mara nyingi kinachoamua ni kipimo. Mafuta hayo hayo ya karafuu mtoto mdogo akiyanywa hata kiasi cha vijiko viwili yanaweza kuliharibu ini lake, kwa hiyo chupa iwekwe juu.

Sasa jani la khalati. Kuna mmea Ulaya jina lake la kitaalamu ni Galega officinalis, una maua ya rangi ya zambarau, unaota kwenye nyasi zenye maji maji, na waganga wa kule waliutumia karne na karne. Wafugaji nao waliujua kwa sababu nyengine, kondoo akiula mwingi anakufa. Ndani yake mna kitu kinaitwa galegini, na wanasayansi walipokijaribu miaka ya 1920 waliona kweli kinashusha sukari, wakakipa wagonjwa, lakini kilikuwa kikali mno, umbali kati ya kipimo cha kutibu na kipimo cha kudhuru ulikuwa mdogo. Wakati huo huo, mwaka 1922, wakemia wawili huko Dublin, Emil Werner na James Bell, walikuwa wametengeneza maabarani kitu chenye umbo la jamaa yake galegini, ambacho leo tunakiita metformini. Kikakaa. Daktari wa Ufaransa Jean Sterne ndo aliyekijaribu sawasawa kwa wagonjwa wa kisukari akatangaza matokeo mwaka 1957, na jina alilokipa lilikuwa Glucophage, mla glukosi. Marekani hawakukiruhusu mpaka 1994. Leo ndo dawa ya mwanzo anayoandikiwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili karibu dunia nzima, ni rahisi, na kazi yake kubwa ni ile niliyoisema, kuliambia ini lipunguze kutengeneza sukari.

Hapa nataka tukae kidogo maana ndo kiini cha mambo yote. Metformini yenyewe haitoki kwenye mmea, hakuna shamba la metformini. Mmea ulitoa wazo, yaani umbo la molekuli, watu wakalibadilisha umbo mpaka likabaki la kutibu na lile la kuua likapungua. Na si kila walichobadilisha kilikuwa salama, kulikuwa na ndugu yake metformini akiitwa fenformini, alikuwa na nguvu zaidi lakini akawa anasababisha asidi kujaa kwenye damu na watu wakafa, akaondolewa nchi nyingi mwishoni mwa miaka ya 1970. Baba mmoja, mama mmoja, mmoja anatibu na mwengine anaua, na tofauti yao kwenye karatasi ni ndogo sana. Kwa hiyo mtu akinambia "hii ni ya miti haina madhara" namkumbuka kondoo, na mtu akinambia "hii ya hospitali ni kemikali tupu" namkumbuka galega.

Na hilo la figo nimalize hapa hapa, metformini haiunguzi figo. Mtu ambaye figo zake zishaharibika sana anakatazwa kuitumia kwa sababu haitoki mwilini inajikusanya, pengine hapo ndo maneno yalipogeuka. Kinachoua figo ni sukari iliyo juu miaka nenda miaka rudi. Kinachowasumbua wengi kwenye metformini ni tumbo, kuharisha na kichefuchefu, na khalati alikuwa na hilo tokea mwanzo hakusema anaona haya, kumbe ukiinywa katikati ya chakula na ukaanza kidogo kidogo tumbo linatulia, na ipo aina inayotoka pole pole pia.

Hadithi ya pili ni ya gamba la mti wa epo. Nasema epo kusudi, maana ukisema tufaa Unguja mtu anafikiria tufaa letu hili jekundu lenye maji, na hilo ni ukoo mwengine kabisa, ni jamaa wa karafuu. Mwaka 1835 wakemia wa Ulaya walitoa kwenye gamba la mzizi wa mti wa epo kitu kichungu wakakiita florizini, walifikiri kwa vile ni kichungu kama kwinini kitafaa kwa homa. Nusu karne baadaye, mwaka 1886, Mjerumani Josef von Mering akaona ukimpa mnyama kitu hiki mkojo wake unajaa sukari. Watu wakastaajabu basi, mana sukari kwenye mkojo ndo dalili ya ugonjwa, nani anataka? Lakini fikiria: figo zako kila siku zinachuja glukosi kama gramu 180 halafu zinairudisha yote kwenye damu isipotee hata chembe. Zina mlango maalumu wa kuirudisha. Florizini inaufunga mlango ule. Kwa mtu mwenye sukari nyingi kwenye damu hiyo ni neema, mzigo wa ziada unatoka kwa mkojo.

Sasa kwanini hatuchemshi magamba ya mti wa epo tukanywa? Kwa sababu florizini ikifika tumboni inavunjwa kabla haijafika popote, na inayobaki inafunga mlango mwengine unaofanana na ule ambao uko kwenye utumbo, matokeo yake ni kuharisha. Ilibidi wakemia wakae wairekebishe, isivunjike tumboni na ifunge mlango wa figo tu. Ndo zikazaliwa dawa zinazoishia na "flozini", dapagliflozini, empagliflozini, ya mwanzo ikaruhusiwa Ulaya mwaka 2012, na ukilisikiliza jina utasikia florizini bado imo ndani. Zinashusha sukari, zinapunguza uzito kilo mbili tatu, na utafiti mkubwa wa 2015 wa empagliflozini kwa wagonjwa wa kisukari wenye maradhi ya moyo ulionyesha vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 38. Kutoka gamba la mti mpaka kidonge, miaka 177.

Haya, turudi jikoni kwetu, maana najua ndo mnapopataka.

Mdalasini. Mwaka 2003 watafiti Pakistani walichukua watu 60 wenye kisukari, wakawapa wengine mdalasini gramu moja, tatu au sita kwa siku kwa siku 40, wengine kapsuli tupu, na waliopewa mdalasini sukari yao ikashuka kati ya asilimia 18 na 29. Habari ikazunguka dunia na mpaka leo ndo inayonukuliwa kwenye kila ujumbe wa WhatsApp. Kisichonukuliwa ni kwamba wengine waliporudia, baadhi waliona kidogo, baadhi hawakuona kitu, na mwaka 2012 zilipokusanywa tafiti 10 zenye watu 577 zikapimwa kwa pamoja tofauti ya maana haikuonekana. Mimi sisemi mdalasini haufanyi kitu. Nasema kama unafanya ni kidogo kiasi kwamba ukiwapima watu mia tano unakupotea machoni, na kitu cha namna hiyo hukiachii sukari ya 15 au ya 18.

Tena kuna la mdalasini ambalo watu wa visiwani tunapaswa kulijua. Ipo aina mbili kuu, ule wa Ceylon na ule wa kasia unaotoka upande wa China na Indonesia, ambao ndo uliojaa madukani duniani. Kasia una kitu kinaitwa kumarini ambacho kikizidi kinaumiza ini, Ulaya wameweka kiwango cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kijiko kimoja cha unga wa kasia kinaweza kukivuka. Wa Ceylon una chembe tu. Mti tunaowaonyesha wageni kule Kizimbani ni huo wa Ceylon, lakini unga wa pakiti unaonunua dukani ushasagwa, huwezi kujua ni upi, kwa hiyo kwenye pilau na chai hamna tatizo kabisa ila mtu anayekunywa vijiko viwili kila siku kama dawa aangalie anakunywa upi.

Manjano ni habari ndefu zaidi. Rangi ile inatokana na kurkumini, na kwenye maabara kurkumini inafanya kila kitu, inashusha uvimbe, inaamsha insulini, inazuia seli za mafuta. Na hilo la kufanya kila kitu ndo limewatia wasiwasi wakemia wenyewe, mwaka 2017 walitoa tathmini ndefu wakasema molekuli hii inadanganya vipimo, inagandamana na kila inachokutana nacho ndani ya kichupa na kuonekana kama inafanya kazi. Halafu mwili hauipokei. Ukila manjano karibu yote inapita na kutoka. Mwaka 1998 watafiti India waliwapa watu gramu mbili za kurkumini wakaona kwenye damu karibu hamna, wakawapa tena pamoja na piperini, ile inayofanya pilipili manga iwe kali, na iliyopokelewa ikaongezeka kwa asilimia 2000. Watu wa mchuzi walikuwa wanachanganya viwili hivi kabla maabara haijazaliwa, na hilo linanifurahisha. Lakini elewa piperini inafanya nini, inalizuia ini lisisafishe, na ini likizuiwa kusafisha kurkumini linazuiwa pia kusafisha dawa nyengine unazokunywa, zinajaa. Na hizo kapsuli zilizotiwa nguvu za kupokelewa haraka zimeshawaumiza ini baadhi ya watu, Italia ililazimika kutoa tahadhari mwaka 2019.

Pamoja na hayo utafiti mmoja siwezi kuuacha. Thailand, ulitoka 2012, watu 240 ambao sukari imeanza kupanda lakini hawajafikia ugonjwa, nusu walipewa kapsuli za kurkumini miezi tisa na nusu kapsuli tupu. Kwenye kundi la kapsuli tupu asilimia 16 waliingia kwenye kisukari, kwenye kundi la kurkumini hakuna hata mmoja. Ni utafiti mzuri. Ni mmoja. Matokeo mazuri kupita kiasi hivyo yanataka yarudiwe na watu wengine, mahala pengine, wengi zaidi, na mimi natamani sana yarudiwe hapa kwetu kwenye watu wetu wanaokula manjano tokea utotoni.

Angalia pia hesabu ya kipimo, maana hapa ndo watu wanaposhikwa. Tuseme panya wa maabara kapewa miligramu 100 za kitu safi kwa kila kilo ya mwili wake. Mwili wa panya unachoma haraka kuliko wetu kwa hiyo wanagawa kama kwa 12 kupata kipimo cha binadamu, mtu wa kilo 80 anafika kama miligramu 640 au 670 za kitu safi kila siku. Manjano ina kurkumini kama asilimia tatu tu. Piga hesabu, ni zaidi ya gramu 20 za unga wa manjano kila siku, na bado hujahesabu kwamba mwili hauipokei. Kila ukisoma "mmea huu umetibu unene" tafuta kwanza aliyetibiwa ni nani, mara nyingi utamkuta panya, na panya tushawatibu unene mara nyingi sana.

Sasa uwatu. Nusu hivi ya mbegu ya uwatu ni nyuzi nyuzi, na sehemu ya hizo ni aina inayovuta maji ikawa ute, ule utelezi wa gilasi ya khalati. Ute ule ukishuka tumboni unachanganyika na chakula unakifanya uji mzito, glukosi inatoka humo pole pole badala ya kumiminika, mizigo inashuka kidogo kidogo na mnyapara hata akiwa mchovu anaweza kuikimbilia. Haihitaji kuingia kwenye damu, haihitaji kupokelewa na ini, kazi yake inaifanyia pale pale tumboni, ndo maana tatizo la manjano halipo hapa. Hyderabad mwaka 1990 waliwapa wagonjwa gramu 100 za unga wa uwatu uliotolewa mafuta kila siku, sukari ikashuka vizuri tu. Tafiti nyengine zimetumia gramu 10 mpaka 25. Kijiko cha chai kilichojaa ni kama gramu nne. Kwa hiyo khalati anapata kidogo, lakini anachokipata ni cha kweli na tunajua kinatoka wapi. Mjamzito asijaze uwatu, huo huo ambao akishajifungua anapewa maziwa yatoke, na ute unaopunguza kasi ya chakula unaweza kupunguza kasi ya kidonge pia, ni busara kupishanisha saa moja au mbili.

Mzambarau watu wanausifu sana, na kwa sababu ni jamaa wa mkarafuu nilitamani uwe na kitu. Watafiti Brazili waliupima kwa watu, chai ya majani yake, na haikushusha sukari. Karela, mlonge, habasoda, kila kimoja kina tafiti ndogo ndogo za kutia moyo na hakuna hata kimoja ambacho ningemwambia mtu aachie kidonge kwa ajili yake.

Kwenye unene hali ni ngumu zaidi kuliko kwenye sukari. Mwili unapigania uzito wake, ukipungua kilo tano unakuongezea njaa na kupunguza unachochoma. Mmea gani utashinda hapo? Kule Kalahari jamii ya Wasan walikuwa wakienda kuwinda siku nyingi wanatafuna mmea unaofanana na dungusi kakati uitwao hoodia ili wasisikie njaa. Taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini, CSIR, ikachukua hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, miaka ya 1990 bila kuwaambia Wasan wenyewe, mpaka kelele zilipopigwa ndo mwaka 2003 yakafikiwa makubaliano ya kuwagaia sehemu ya faida. Kampuni ya Pfizer ikaingia ikatoka, Unilever wakaingia, na mwaka 2008 wakaacha baada ya kuona waliojaribiwa wanapata kichefuchefu, wanatapika, presha inapanda. Kilichomfaa mtu anayetembea jangwani siku tatu akitafuna kidogo, hakikuwa kitu cha kumpa mtu wa mjini kila siku kwenye kopo. Na waliokuwa na elimu hiyo tokea babu na babu waliambulia kidogo sana. Hilo liwe akilini siku mtu akija Pemba na daftari kuwauliza wazee wetu juu ya majani.

Sa hivi TikTok wanaisifu beberini, unga wenye rangi ya njano iliyokolea kutoka kwenye miti ya huko Asia, wanaiita Ozempic ya asili, kwa jina la ile sindano ya sukari inayopunguza na uzito. Beberini ni kitu cha kweli, Wachina waliitumia kutibu kuharisha, na tafiti zao zilionyesha miligramu 500 mara tatu kwa siku inashusha sukari. Inayoingia kwenye damu haifiki asilimia moja, nyingi inabaki kwenye utumbo na inaelekea sehemu ya kazi yake inapitia kwa vijidudu vya humo. Lakini kwenye uzito, wastani ni kama kilo mbili. Semaglutaidi, ambayo ndo dawa ya kweli iliyomo kwenye Ozempic na ni nakala iliyorekebishwa ya homoni ya binadamu, haikutoka kwenye mmea, kwenye utafiti wa 2021 ilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, mtu wa kilo 90 ni kilo 13 na ushei. Jina moja haliwezi kubeba vitu viwili hivyo. Na beberini isiende kwa mjamzito wala anayenyonyesha, inaweza kuzidisha ule umanjano wa macho na ngozi ya kichanga mpaka ubongo ukaathirika.

Nimebakisha chupa. Kitu kinachonitisha zaidi kuliko dawa ya miti isiyofanya kazi ni dawa ya miti inayofanya kazi kwa haraka. Kwenye nchi nyingi wakaguzi wakizipima dawa za asili za sukari wamekuta mmesagwa humo glibenklamidi, kidonge cha hospitali cha kushusha sukari, bila kipimo, mtu anakunywa sukari inaanguka mpaka anazimia. Kwenye chai na kahawa za kupunguza tumbo wamekuta sibutramini, dawa iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Mtu anasema "hii ya miti ilinifaa kweli" na ni kweli ilimfaa, ila haikuwa miti. Hapa kwetu ipo ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, na lipo Baraza la Tiba Asili, muuzaji muulize kasajiliwa wapi na ndani mna nini, na akikwambia acha vidonge vyako, nyanyuka uondoke hata kama kamaliza kukuombea dua.

Wazee wangu wa Pemba nawaheshimu na elimu yao ya majani naiheshimu, na naamini kabisa kwenye misitu ya Ngezi na kwenye viambaza vyetu kunaweza kuwa na galega nyengine. Lakini galega ilipita mikono mingi kabla haijawa kidonge, ikapimwa, ikarekebishwa, ikapimwa tena kwa watu maelfu.

Khalati nimemnunulia mashine ya kupimia. Anajichoma kidole asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya chakula cha mchana, anaandika kwenye daftari la skuli la mjukuu wake, safu moja siku za uwatu na safu moja siku alizosahau, metformini iko kote. Wali ameupunguza robo, hilo lilimuuma kuliko uwatu. Juzi nilikwenda akanifungulia daftari akanambia "hebu tazama mwanangu, siku za utelezi ni nane na kitu, siku nyengine ni tisa na kitu." Tofauti ya moja hivi. Akakosha gilasi, akatia kijiko cha usiku ule, akafunika.